Mnamezea Mate Vibanda vya Singapore, vya Mamboleo Mnaviomba Punguzo

Kuna video ya mzee mmoja wa Singapore imepita kwa status ya karibu kila mtu ninayemjua Kisumu. Mzee amevaa vesti nyeupe, mbele yake karai jeusi la chuma, moto unaruka karibu na kidevu, naye anageuza tambi na mayai na kamba bila hata kuangalia. Nyuma yake mkewe anaosha sahani. Kijana wao anapokea pesa. Sekunde arobaini tu. Chini, watu wa hapa hapa wameandika: "Kenya tutafika lini?" "Hii sasa ndiyo chakula." "Mungu akinisaidia, siku moja nitakula hapo."

Omera, mfike wapi?

Mimi naishi Mamboleo. Juzi nilitembea kutoka jankisheni, pale barabara ya Kakamega inaachana na ile ya Miwani, mpaka upande wa uwanja wa Jomo Kenyatta, nikihesabu. Vibanda kumi na moja vya chakula. Kwa tisa, anayepika ni mama, anayeosha ni binti yake au mpwa, na anayebeba maji ni mzee mwenyewe ama kijana akitoka shule. Karai liko. Moto uko. Mama anageuza samaki kwa mafuta yanayochemka huku akikuuliza mamako anaendeleaje. Kilichokosekana ni maandishi ya Kichina ukutani tu.

Lakini hao hao wa "tutafika lini", waambie mkutane kwa mama mle, watakuuliza kama mambo yamekuwa magumu. Kwao kibanda ni cha tarehe ishirini na tano, mshahara ukiwa umekata. Date lazima iwe mjini, mahali penye kiyoyozi na menyu ya plastiki, na samaki yule yule wa ziwa letu anauzwa elfu moja na mia mbili na kipande cha limau juu. Hapo hakuna anayeomba punguzo. Sijawahi kuona mtu wa Kisumu akimwambia weita wa mall, "Si unitolee mia hapo, mimi ni kastama."

Kwa mama tunasema. Tena tunasema kwa sauti.

Basi wacheni niwape hesabu, juu nafikiri wengi wenu hamjawahi kuiona. Kuna mama mmoja karibu na stage ambaye mimi hula kwake mara tatu kwa wiki. Nilimwomba tukae na daftari jioni moja akishafunga. Hakupenda mwanzoni. Aliniambia, "Nyathina, hesabu ya hoteli ukiiandika inakutisha." Lakini tuliiandika.

Samaki wa saizi ya kati ananunuliwa alfajiri, analetwa na boda, anamfikia kwa 220. Mafuta ya kumkaanga, ukigawa kwa samaki, ni kama 20. Makaa 15. Unga wa ugali 20. Nyanya, kitunguu, dhania na sukuma au osuga pembeni, 15. Hiyo ni 290. Sahani anaiuza 350. Kwa hivyo sahani moja ya samaki inamwachia bob 60.

Siku nzuri anauza sahani arobaini. Hiyo ni 2,400, na hapo ndipo mtu wa nje anasema mama ana pesa. Sasa toa maji. Hana bomba, ananunua mitungi kumi na tano kwa bob 20, ni 300. Toa kodi ya kibanda, 300 kwa siku. Toa 500 za mpwa wake, ambaye ni familia lakini pia ana mtoto wa kulisha. Toa 50 ya tiketi. Zinabaki 1,250, na hapo hakuna samaki aliyeharibika, hakuna mvua, hakuna sufuria iliyotoboka. Siku mbaya anauza sahani kumi na nane. Fanyeni wenyewe hiyo hesabu, mtapata mama amelipwa na Mungu.

Sasa ingia wewe. Unasema, "Mama, 300 tu, niko na 300." Umechukua 50 kati ya 60. Amekupikia, amekuoshea sahani, amekupa maji ya kunawa kwa bob kumi. Wa pili anasema aandikwe, atalipa mwisho wa mwezi, halafu mwisho wa mwezi anaanza kupitia barabara ile ingine. Hilo deni moja la 350, ili mama alifidie, inabidi auze karibu sahani sita kwa watu wengine. Na kuna wale mashetani wa kutuma pesa kwa simu, wanamwonyesha ujumbe, wanakula, wakifika kwa kona wanairudisha. Kama unamjua mmoja wao, si mjanja huyo. Ni mwizi wa mama wa mtu.

Nimebakisha watu wangu, watu wa kontenti. Hawa wananiuma zaidi kwa sababu tunajuana. Mnakuja watatu na simu mbili na ile taa ya duara, mnajaza benchi saa saba mchana, saa ambayo mafundi na watu wa boda wanatafuta pa kukaa. Mnarekodi ugali kutoka pande nne mpaka unapoa. Halafu mnamwambia mama kwamba hamtalipa kwa sababu mnampatia "matangazo". Sahani tatu za bure ni 870 zimetoka mfukoni mwake. Na video ikitoka, mmeandika "kibanda cha siri". Siri ya nani? Watu wa Mamboleo wamekula hapo miaka. Anajulikana na mwalimu, fundi wa magurudumu, pasta, na yule jamaa wa bima ambaye hakuna anayejua ofisi yake iko wapi. Ni ninyi tu mlikuwa hamjafika.

Mnajua punguzo lenu linaenda wapi? Linaenda kwa samaki. Mnalalamika kila siku ati samaki wa vibandani siku hizi hana ladha, ati ni wa barafu kutoka China. Ni kweli wapo. Suala lilikuwa kubwa hadi Oktoba 2018 Rais Uhuru Kenyatta akalizungumzia hadharani, na serikali ikatangaza marufuku ya kuanzia Januari 2019. Wachina wakanung'unika, marufuku yenyewe haikudumu. Boksi likarudi sokoni, au tuseme halikuwahi kutoka vizuri. Sasa mama anasimama sokoni na pesa yake: wa ziwa ni 220, wa boksi ni nafuu. Ameshakatwa 50 na wewe, 350 na yule wa deni, 870 na wale wa taa. Utamlaumu akiangalia boksi? Wewe ndiye umemsukuma hapo, halafu unarudi na uma kuchokora samaki ukisema, "Hii si ya hapa."

Na hilo neno "ya hapa" pia tulichunge kidogo. Mbuta aliwekwa ziwani miaka ya 1950. Hata ngege mkubwa tunayemwita wetu kwenye sahani, mara nyingi ni yule wa Nile aliyeletwa miaka hiyo hiyo. Ngege wa asili ya ziwa karibu ametoweka. Mahindi ya kuon yalivuka bahari kutoka Amerika. Chapo na sambusa vilikuja na Wahindi, wale wa reli iliyofika hapa Desemba 1901 na wale waliofungua maduka nyuma yao. Ukiingia kwa mama ukapata chapo, dengu, ngege na osuga kwa meza moja, umekula historia ya Kisumu nzima, na hakuna aliyekuchaji kiingilio. Mtaa wetu wenyewe unaitwa Mamboleo, mnataka tuwe na ukale gani?

Kuna swali la usafi, na sitalikwepa. "Mimi siogopi bei, naogopa tumbo." Sawa. Kipindupindu kimewahi kutupiga Kisumu, na si mara moja. Lakini ugonjwa huo unasafiri kwa maji machafu na mikono isiyonawa. Hauulizi kama kuna kiyoyozi. Mwaka 2017 kule Nairobi uliwapata watu waliokuwa kwenye mikutano ya kumbi na hoteli za hadhi, mpaka mawaziri wawili wakalazwa. Hakuna aliyesema baada ya hapo kwamba hoteli kubwa zibomolewe. Zilikaguliwa, nyingine zikafungwa kwa muda, zikarekebishwa, watu wakarudi. Kwa mama, dawa ya uchafu huwa ni tingatinga.

Kama shida ni maji, mpeni maji. Anayenunua mitungi kumi na tano kwa siku ili aoshe sahani anataka usafi kukushinda wewe unayeongea. Anayehudumia chakula anatakiwa na sheria apimwe afya na awe na cheti. Mama wangu anacho, amekiweka kwa bahasha ya nailoni kisilowe. Muulize weita wako wa elfu moja na mia mbili akuonyeshe chake.

Turudi basi kwa yule mzee wa Singapore, kwa sababu hadithi yake haikuanzia kwenye video.

Ile nchi ilikuwa na wachuuzi wa chakula barabarani kila pembe: Wachina na tambi zao, Wamalei na nasi lemak, ambayo ni wali wa tui la nazi, mtu wa Mombasa angeutambua hata akifumba macho, na Wahindi na roti prata, binamu wa chapo. Walikuwa wanamwaga maji machafu mitaroni, wanaziba njia, wanakimbizana na askari. Ukisoma maelezo ya wakati huo utadhani ni Kondele saa kumi na mbili jioni. Mwaka 1968 na 1969 serikali yao ikawaandikisha, kama elfu kumi na nane hivi. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970 ikajenga kumbi zenye paa, bomba, umeme, mitaro na vyoo, ikawahamishia humo polepole, mpaka 1986 wa mwisho akatoka barabarani. Familia ikapewa kibanda chake, jina lake, nambari yake. Mchina hapa, Mmalei pale, Mhindi jirani, mteja anakaa katikati anaagiza kwa wote watatu.

Sijasema walibembelezwa. Kulikuwa na kulazimishwa, kulikuwa na faini, na leo wapishi wengi wa kumbi zile ni wazee ambao watoto wao hawataki kurithi karai. Lakini walihamishwa kwenda mahali. Mwaka 2016 vibanda viwili kama hivyo vikapata nyota ya Michelin, kimoja kikiuza kuku na wali kwa dola mbili hivi za kwao. Desemba 2020 UNESCO ikauandika utamaduni wote ule kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Kwa hiyo mnachomezea mate kwenye hiyo video ni bomba. Ni mtaro. Ni mtu kulala akijua kesho kibanda chake kitakuwepo.

Sisi tulikuwa na Lwang'ni Beach. Wadogo zangu wa Form Two mnaisikia tu kama hadithi. Vibanda vya mabati vimepangana kando ya maji, kila familia na karai lake, unaingia unachagua samaki wako kwa macho, anakaangwa mbele yako, ugali unakuja kama mlima. Watu walitoka Nairobi na Eldoret kuja kula pale kisha wakarudi. Kila mgeni wa Kisumu alipelekwa Lwang'ni kwanza, hata kabla ya kupelekwa kwa shangazi. Bandari ilipoanza kufufuliwa, vibanda vikabomolewa. Sikatai bandari, na ardhi ilikuwa na mwenyewe. Ninachouliza ni kwa nini mpango wa meli ulikuwa na michoro, na mpango wa wale kina mama ulikuwa ni notisi. Walitawanyika. Wengine wako Dunga, wengine wamejibanza kando ya barabara, wengine waliacha kabisa.

Huku Mamboleo tunajua hiyo hofu. Madaraka Day ya 2021 ilifanyika hapa kwetu, uwanja mpya, ndege za kijeshi juu ya mabati. Mei 2022 Africities ikaja Kisumu. Kila mgeni mkubwa akikaribia, swali linalotembea kutoka kibanda hadi kibanda ni lile lile: safari hii tunatolewa? Mama hawezi kukopa pesa anunue friji, hawezi kuweka sakafu ya simiti, hawezi kujenga sinki, kwa sababu nani anajenga sinki mahali ambapo anaweza kuondolewa Jumatatu? Halafu tunamwita mchafu.

Ajabu ni kwamba mwaka mmoja baada ya Singapore, Desemba 2021, UNESCO iliipongeza Kenya pia. Ikaandika mradi wetu wa kulinda vyakula vya asili, kazi iliyoanza 2007, kwenye rejista ya mifano bora ya kulinda urithi. Mboga za kienyeji, mapishi ya jamii, watoto kufundishwa majina ya mimea. Dunia imetusifu kwa osuga na dek na mito na apoth. Na osuga hiyo inapikwa wapi kila siku, kwa maziwa, mpaka uchungu utulie? Si kwenye mall. Januari 2022, mwezi uliofuata tu, KFC ya Kenya iliishiwa na chipsi. Chipsi! Kwa sababu viazi vyake vilikuwa vinatoka nje na meli zilichelewa. Nchi yenye Nyandarua. Watu waliwaka mtandaoni siku tatu nne hivi, kisha wakarudi kwenye foleni. Mama wa stage hajawahi kuishiwa na sukuma kwa sababu ya meli.

Kwa hivyo nataka nini? Kwenu, kidogo sana. Lipa bei iliyosemwa. Ukirekodi, lipa kwanza, rekodi baadaye, na usirekodi saa saba. Ukimpeleka mtu date, mpeleke kwa mama bila kuomba radhi kabla hamjakaa. Akikuacha kwa sababu ya benchi, mama amekusaidia mapema. Kama una deni popote kati ya Kondele na Riat, unalijua. Nenda.

Kwa kaunti nataka zaidi. Kabla ya notisi yoyote kubandikwa tena Mamboleo, nataka kuona mchoro: ukumbi uko wapi, una mabomba mangapi, mtaro unaelekea upande gani, nani ameandikishwa, kodi ni ngapi. Uwe karibu na stage. Usipelekwe nyuma ya kilima ambako hakuna mteja atafika, halafu mwaka ujao mseme kina mama waliukataa. Tiketi ya bob 50 kila siku kwa vibanda kumi na moja ni zaidi ya laki moja na nusu kwa mwezi huu mmoja ukizidisha kwa... hapana, ngoja niifanye vizuri: 550 kwa siku, 16,500 kwa mwezi, karibu laki mbili kwa mwaka. Kipande kidogo tu cha barabara hicho, watu kumi na mmoja. Hawajapata hata koki moja.

Katiba inasema bajeti lazima isikize wananchi, na vikao hivyo hufanywa huku mitaani. Huwa naenda. Huwa kuna wazee, kina mama wachache, viti vingi vitupu na soda. Watu wa umri wetu hatuonekani, na ndio tunaokula kwa vibanda kila siku. Kikao kinachofuata nitakuja na hilo daftari, na mama amekubali niisome hesabu yake bila jina. Nitaposti tarehe nikishaijua. Wale wa "Kenya tutafika lini", nawatarajia viti vya mbele.